Karatasi za kampeni zihifadhiwe kama tulivyohifadhi stempu

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo nimelibeba moyoni kwa miaka mingi. Majuzi nilisimama karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu, nikingoja mvua ipungue, mbele ya ukuta uliobandikwa mabango hadi mawe yake hayaonekani. Kona moja ilikuwa imelowa na kubanduka, na tabaka za karatasi zilijitokeza kama kurasa za kitabu: juu kabisa tangazo la mkutano wa injili, chini yake sura ya mtu anayemezea mate kiti cha mwaka 2027, chini yake tena wawaniaji wawili wa 2022, na mwisho kipande cha bango la 2017 ambalo nilikuwa nimelitafuta muda mrefu bila kulipata. Nilijaribu kulibandua kwa ukucha, likasambaratika mkononi kama ugali uliolowa.

Ninaamini kwamba mabango, vipeperushi, beji na leso za kampeni ni kumbukumbu za umma, na kwamba sisi tunazitupa wakati ambapo wenzetu katika nchi nyingine huzitunza. Imani hiyo sikuipata vitabuni. Niliipata kwanza kutoka kwa stempu za utotoni, kisha safarini.

Nilizaliwa mwaka 1962 na kukulia katika nyumba za reli karibu na bandari ya Kisumu, ambako baba alikuwa karani wa shehena. Barua zilizofika ofisini mwake zilitoka Mwanza, Bukoba, Musoma na Jinja, naye aliniletea bahasha tupu zilipokwisha kazi yake. Jumamosi mchana nilikata pembe za bahasha hizo kwa makasi ya mama, nikaziloweka katika bakuli la maji vuguvugu hadi gundi iachie yenyewe, kisha nikazilaza stempu kifudifudi juu ya gazeti kuukuu ili zikauke bila kujikunja. Ilikuwa mwiko kuivuta stempu kabla ya wakati wake, kwa maana jino moja la ukingoni likikatika, hakuna mwenzako ambaye angekubali kubadilishana nawe. Wavulana wengine walikusanya vizibo vya soda na karatasi za viberiti, lakini mimi sikuona cha kushinda stempu.

Zilizonivutia zaidi ni stempu za pamoja za Afrika Mashariki, zilizokuwa na majina ya Kenya, Uganda na Tanzania katika kipande kimoja cha karatasi kisichozidi kidole gumba. Mpangilio wa majina ulibadilika kutoka toleo moja hadi jingine, mara Uganda ikitangulia, mara Tanzania, mara Kenya, na sisi watoto tulibishana hadi jioni kuhusu ni nchi gani iliyokuwa zamuni. Mojawapo ilikuwa na picha ya meli ya MV Victoria, ambayo niliweza kwenda gatini na kuitazama kwa macho yangu mwenyewe, kisha nikarudi nyumbani kuhesabu kama mchoraji ameweka madirisha yote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli hiyo ilibaki upande wa Tanzania, na stempu zenye majina matatu hazikutolewa tena. Nilikuwa na umri wa miaka 15. Darasani hatukuwa tumeelezwa kitu, lakini daftari langu lilionyesha wazi kwamba kuna jambo limekatika, kwa sababu ukurasa uliofuata ulikuwa na jina la Kenya peke yake.

Tangu hapo sijaacha kukusanya. Nilipokuwa mwalimu wa historia nilihama kutoka stempu hadi vitu vya siasa, nikavitia katika mkebe mkubwa wa biskuti: beji ya jogoo wa KANU, chama kilichotawala miaka ile, kadi za vyama vya mwaka 1992, kipeperushi chenye picha ya trekta ya chama cha NDP cha mwaka 1997, na karatasi za kura ya maoni kuhusu katiba ya Novemba 21, 2005, iliyotugawa kati ya ndizi ya "Ndiyo" na chungwa la "La". Nilipopata nafasi ya kusafiri, mara nyingi kwa nauli yangu na mara moja kwa nauli ya binti yangu, nilitazama kampeni za wenyeji kwa jicho lile lile la kutafuta kilicho cha kuhifadhi.

Mwishoni mwa mwaka 2005 nilipanda basi hadi Mwanza kupitia Kisii, Migori na Sirari kumtembelea mwalimu mwenzangu. Watanzania walikuwa wakijiandaa kupiga kura Desemba 14, uchaguzi uliokuwa umeahirishwa kutoka Oktoba kwa sababu ya kifo cha mgombea mwenza wa chama cha upinzani cha CHADEMA. Kijani na njano za chama tawala, CCM, zilikuwa kila mahali, katika kofia, fulana, khanga na vibendera vya baiskeli. Nilimuuliza mwenyeji wangu nani anayelipia vitu hivyo vyote, naye akanijibu, "Mwalimu, hiyo si rushwa, hiyo ni takrima." Lilikuwa neno nililolijua kwa maana ya ukarimu kwa mgeni, na sikuwahi kulisikia likitumiwa kwa mwanasiasa. Kumbe sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilikuwa imerekebishwa mwaka 2000 ili kuruhusu takrima wakati wa kampeni. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilivifuta vifungu hivyo baada ya watetezi wa haki za binadamu kuvipinga, kwa kuwa viliipa rushwa mlango wa kupitia. Nilifurahi sana, na bado nafurahi, kwa sababu jirani zetu walikuwa na ujasiri wa kuliuliza neno zuri linaficha nini. Khanga niliyopewa siku ile nimeiandikia kipande cha karatasi chenye mwaka, mji na neno hilo moja.

Kampeni ya pili ya kigeni sikuifuata ng'ambo, ilitufuata huku huku. Mwaka 2008 barabara ya kwenda Kogelo, kijiji cha ukoo wa babake Barack Obama, ilijaa wanahabari na wageni, na mafundi wa kushona wa Kisumu na Siaya walifanya kazi usiku kucha. Wamarekani walipiga kura Novemba 4, na sisi Wakenya tukapewa likizo ya kitaifa Novemba 6. Mgeni mmoja Mmarekani alinipa beji yake, nami nikaichunguza kama nilivyochunguza stempu. Ni picha ya karatasi iliyofunikwa kwa ngozi nyembamba ya plastiki na kukandamizwa juu ya kisahani cha bati, nyuma yake kukiwa na waya uliopindwa kuwa pini. Mtindo huo ulienea Marekani mwaka 1896, William McKinley aliposhindana na William Jennings Bryan, baada ya kampuni ya Whitehead & Hoag ya Newark kupata hataza ya beji za seluloidi, aina ya plastiki ya zamani. Kwenye ukingo wa beji yangu kuna alama ndogo mno ya chama cha wafanyakazi wa uchapishaji, ambayo huwezi kuisoma bila kioo cha kukuzia, na alama hiyo inakuambia kwamba kitu hicho kilitengenezwa na watu walio na jina na ujira.

Mgeni huyo alinieleza jambo lililonikaa zaidi kuliko beji yenyewe. Alisema ameinunua kwa pesa zake, na kwamba kwa sheria za kwao pesa anazolipa mtu kununua beji, fulana au kikombe kutoka kwa kampeni huhesabiwa kuwa mchango wake kwa mwaniaji. Raia wa kigeni haruhusiwi kuchangia kampeni za Marekani, kwa hiyo nyanya wa Kogelo, pamoja na mapenzi yake yote, hakuwa na njia halali ya kununua hata beji moja kutoka kwa kampeni hiyo. Nilikaa nikiwaza. Kule mpigakura humlipa mwanasiasa ili avae sura yake, na huku mwanasiasa hutulipa sisi ili tuivae ya kwake. Fulana tuliyolipwa kuivaa tunaimaliza shambani, kisha inakuwa tambara la kupigia deki, na hakuna anayeihesabu kuwa mali yake.

Hata hivyo, si wote. Mama yangu alipofariki mwaka 2014 tulifungua sanduku lake la mbao, na chini ya nguo za kanisani tulikuta leso tisa ambazo hazijawahi kuvaliwa hata siku moja. Zilikuwa zimekunjwa kwa kufuata miaka, ya zamani kabisa chini na ya karibuni juu, na katikati ya kila moja aliweka majani makavu ya mwarobaini ili nondo wasile. Kulikuwa na jogoo, trekta na chungwa, na kulikuwa na leso ya Obama yenye picha yake katikati, maneno "Hongera Barack Obama" na chini yake jina la leso, "Upendo na amani ametujalia Mungu". Hakuwa amewahi kuniambia. Mimi nilikuwa nimezunguka nchi za watu nikijiona mkusanyaji peke yangu katika familia, kumbe aliyenikopesha makasi ya kukatia bahasha alikuwa na makumbusho yake chini ya kitanda.

Kampeni ya tatu ilikuwa ya Ujerumani, mjini Bonn, Septemba 2017, ambako binti yangu alikuwa akisoma. Wajerumani walipiga kura Jumapili ya Septemba 24. Kila nguzo ya taa ilikuwa na mabango ya vyama mbalimbali yaliyofungwa kwa kamba za plastiki, moja juu ya jingine, wala sikuona hata moja lililochanwa ili jingine lipate nafasi. Binti yangu alinieleza kwamba mji hutoa kibali cha kuyaweka kwa wiki chache tu, na kwamba baada ya kura ni jukumu la vyama vyenyewe kuyaondoa. Kweli, siku chache baada ya kura niliona vijana wenye ngazi na makasi wakiyashusha na kuyapakia garini. Sokoni, vyama vilipanga meza zao bega kwa bega, cheusi karibu na chekundu, chekundu karibu na kijani, na kila chama kiligawa vitu vidogo vidogo. Nilichokipenda ni kipande cha plastiki cha ukubwa wa sarafu ya yuro moja, cha kufungulia toroli la dukani lililofungwa kwa mnyororo. Nilikusanya vinne vya vyama vinne, na hakuna aliyeniuliza kwa nini nimetoka meza moja kwenda nyingine. Katika kila kipeperushi, chini kabisa, kulikuwa na jina na anwani ya mtu anayewajibika kwa maneno yaliyochapishwa. Vingi vya vile nilivyo navyo vya Kisumu havina.

Siku iliyofuata tulikwenda Haus der Geschichte, makumbusho ya historia ya Ujerumani tangu vita vya pili vya dunia, yaliyofunguliwa mwaka 1994 na ambayo kiingilio chake ni bure. Pale mabango ya kampeni yamewekwa kwa heshima ile ile inayopewa magari na samani za mawaziri wakuu. Kizazi ambacho hakikuwepo mwaka 1957 kinaweza kujisomea jinsi Konrad Adenauer alivyoshinda kwa kauli mbiu ya "Hakuna Majaribio". Wanafunzi wa umri wa wale niliokuwa nikiwafundisha walikuwa wamekaa sakafuni wakinakili ahadi za watu waliokufa zamani na kubishana ni zipi zilizotimizwa.

Nilikuwa natazama hayo nikiwa na maumivu. Septemba 1 mwaka huo Mahakama ya Juu yetu ilikuwa imefuta uchaguzi wa urais wa Agosti 8, na niliporudi nyumbani uchaguzi wa marudio wa Oktoba 26 haukufanyika Kisumu, Siaya, Homa Bay wala Migori. Mabango ya wawaniaji yalibaki yakining'inia juu ya barabara zenye majivu ya magurudumu, na nilipowauliza wanafunzi wangu wachache wanitafutie moja la kila upande, mzazi mmoja alinijia usiku akaniomba kwa upole nisimtume mtoto wake tena.

Simlaumu mzazi huyo. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, mimi mwenyewe niliuficha mkebe wangu darini kwa wiki tatu, kwa kuwa ulikuwa na beji na kadi za kila chama, na katika siku zile kukutwa na rangi isiyo ya mtaa wako kungeweza kukuponza wewe na watu wako. Huo ndio ugumu wa kweli wa kukusanya kumbukumbu za siasa katika sehemu zetu, tangu Nakuru hadi huku ziwani, na sitaki kuupita haraka. Kitu cha kampeni kwetu hakichukuliwi kuwa karatasi, huchukuliwa kuwa tangazo la moyo wa aliyenacho. Jibu ninaloliona ni vyote kukaa mahali pamoja pa umma, katika sanduku moja, kama vilivyokaa Bonn, ili asiwepo mtu binafsi anayelazimika kuvificha.

Nieleze pia faida niliyoiona kwa macho. Mwaka 2013 mwaniaji mmoja wa wadi aligawa kipeperushi chenye picha yake na ahadi tatu: daraja la miguu juu ya mto, maji ya mfereji katika shule mbili na choo cha soko. Alishinda. Mwaka 2017 alirudi kuomba kura, na katika mkutano wa wazee alipoulizwa kuhusu daraja alisema kwamba hajawahi kuliahidi, na kwamba hayo ni maneno ya wapinzani. Nilisimama, nikakitoa kipeperushi kutoka katika bahasha yake ya plastiki, nikamsomea kwa sauti mbele ya watu, kisha nikampelekea akione. Alikitazama muda mrefu. Alichokisema baadaye kilinishangaza: aliniomba nimwachie, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa amebakiwa na nakala hata moja. Sikumpa. Nilimwambia nitamtolea kivuli, nikakipeleka kesho yake.

Tunayo Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ya mwaka 2013, lakini viwango vya matumizi ilivyovikusudia havikutumika mwaka 2017 wala 2022, na wabunge ndio wenye ufunguo wa jambo hilo. Kuhifadhi karatasi, kwa upande mwingine, hakumsubiri mbunge. Makumbusho ya Kisumu yamekuwepo tangu mwaka 1980. Naomba wasimamizi wake watenge kabati moja la kumbukumbu za uchaguzi, na serikali ya kaunti, kabla ya kuwatuma vijana kukwangua kuta, iwaagize watoe nakala moja safi ya kila bango na kuiandika mwaka, wadi na mahali ilipokuwa. Walimu wa sekondari msingi, ambao mtaala wa umilisi unawataka wawape wanafunzi miradi ya mikono, wawafundishe kuloweka, kukausha, kupanga na kuandika vitambulisho, kazi ambayo mtoto wa miaka 12 anaiweza vizuri kuliko watu wazima wengi. Yeyote atakayesema kwamba kukusanya ni mchezo wa watoto na wazungu namkumbusha Joseph Murumbi, mzaliwa wa Eldama Ravine na Makamu wa Rais mwaka 1966, ambaye alikusanya vitabu, nyaraka, vinyago na stempu za Afrika kwa bidii isiyo na kifani. Mkusanyiko wake umo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Nairobi, na mtafiti anayeingia pale leo hamkuti waziri yeyote wa enzi ile, humkuta Murumbi.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027, na mabango yameanza kubandikwa tayari. Mimi niko tayari kuutoa mkebe wangu pamoja na leso tisa za mama, zikiwa na vitambulisho vyake, siku ambayo makumbusho yatakubali kuzipokea kwa maandishi. Kuna pengo moja ninaloomba wasomaji wanisaidie kuliziba. Kadi yangu ya FORD-Kenya ya mwaka 1992, yenye simba, iliharibiwa na maji ya paa lililovuja, na tangu hapo sijaona nyingine. Kama ipo katika Biblia ya mzee fulani huko Ahero, Bondo au Busia, imetumiwa kuwekea alama ya ukurasa, tafadhali msiitupe. Ikaushwe kwanza kama ina unyevu, ikiwa imelazwa kifudifudi juu ya gazeti, wala isianikwe juani.

Mwalimu mstaafu,
Kisumu